Kwa nini Kiingereza cha Mkenya hupimwa upya ng'ambo

MNAMO Novemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alitoa takwimu iliyowaacha Wakenya wengi vinywa wazi. Kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waajiriwe Uingereza, alisema, ni 10 pekee waliopita.

Baadhi ya watu walicheka. Wengine, hasa walio katika taaluma yenyewe, walikasirika, na hasira yao ilikuwa na msingi. Muuguzi wa Kenya hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia madarasa ya kati ya shule ya msingi hadi chuoni. Vitabu vyake vya anatomia ni vya Kiingereza. Mtihani wa kumpa leseni ni wa Kiingereza. Faili ya mgonjwa wodini hujazwa kwa Kiingereza, na zamu inapobadilika, ripoti hutolewa kwa lugha iyo hiyo. Mtu wa aina hiyo anapoambiwa hajui Kiingereza, basi ama yeye ana kasoro, ama waliomfundisha wana kasoro, au kipimo chenyewe kinapima kitu kingine.

Ukweli ni kwamba kila mojawapo ya sababu hizo ina sehemu yake, ila si kwa kiasi sawa.

Itakumbukwa kwamba miezi michache kabla ya kauli hiyo, tarehe 29 Julai 2021, Kenya na Uingereza zilikuwa zimetia saini mkataba wa kuwawezesha wahudumu wa afya Wakenya kwenda kufanya kazi katika hospitali za nchi hiyo. Mkataba huo ulifikiwa wakati wa ziara ya Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, jijini London, na ulitajwa kuwa tegemeo la wauguzi waliohitimu lakini wakakosa ajira nyumbani. Serikali mbili zilikuwa zimekubaliana. Uingereza ilikuwa na uhaba wa wauguzi, na Kenya ilikuwa na wauguzi wasio na kazi. Kilichosimama katikati ni karatasi moja yenye alama nne.

Hakuna kupita wala kuanguka

Neno "kupita" alilotumia waziri ndilo linalopotosha wengi. Mtihani wa IELTS, ambao ndio unaofahamika zaidi nchini, hauna kupita wala kuanguka. Ulianza mwaka 1989, na unamilikiwa kwa pamoja na British Council, kampuni ya IDP yenye asili yake Australia, na idara ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 hadi 9, kwa kupanda nusu nusu, kisha wastani wa alama hizo nne hukadiriwa hadi nusu iliyo karibu. Cheti husema tu mtahiniwa amepata ngapi. Anayeamua kama alama hizo zinatosha ni chuo, mwajiri, idara ya uhamiaji au bodi ya taaluma inayohusika, na kila mmoja ana kiwango chake.

Idara ya uhamiaji ya Uingereza, kwa mfano, huhesabu alama 5.5 kuwa sawa na daraja la B2 katika vipimo vya lugha vya Ulaya, ambavyo huanzia A1 kwa anayeanza hadi C2 kwa aliyebobea. Vyuo vikuu vingi hudai wastani wa 6.5 kwa shahada. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, NMC, hudai alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kwa maneno mengine, kijana aliye na alama za kutosha kusomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha Uingereza anaweza kukosa alama za kumtunza mgonjwa katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara.

Tuseme muuguzi amepata 8 katika kusikiliza, 8 katika kusoma, 7.5 katika kuzungumza na 6 katika kuandika. Wastani wake unakadiriwa kuwa 7.5. Ni Kiingereza cha hali ya juu kwa kipimo chochote. Lakini ombi lake kwa NMC halitakubaliwa kwa cheti hicho, kwa sababu ya nusu alama katika sehemu moja. Katika hesabu ya aina ile aliyoitoa waziri, mtu huyo huwekwa katika kundi moja na asiyeweza kuunda sentensi.

Aidha, kiwango hicho chenyewe hakikushuka kutoka mbinguni. Hadi Desemba 2018, baraza hilo lilidai alama 7 katika kuandika pia. Lilipunguza hadi 6.5 baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba wauguzi wazuri, wakiwemo wa mataifa ya Ulaya, walikuwa wakizuiwa na insha. Aliyefanya mtihani Novemba mwaka huo na kupata 6.5 alikuwa hafai. Aliyepata alama iyo hiyo baada ya Krismasi alifaa.

Insha ndiyo inayowaangusha

Sehemu ya kuandika huchukua dakika 60. Kwa wanaofanya IELTS ya kiakademia, swali la kwanza huwa na grafu, jedwali au mchoro, na mtahiniwa huandika maelezo ya maneno yasiyopungua 150. La pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250 kuhusu hoja fulani, na ndiyo yenye uzito maradufu. Msahihishaji hutazama mambo manne kwa uzito sawa: kama swali limejibiwa, kama hoja zinafuatana, upana wa msamiati, na sarufi.

Hapa ndipo malezi ya darasa la Kenya yanapojitokeza. Yeyote aliyepitia shule ya msingi enzi za KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, anakumbuka alivyokaririshwa vianzio vya insha: jua lililochomoza kwa madaha na kutandaza miale ya dhahabu, ndege waliolia kwa sauti za kinanda, moyo uliodunda kama ngoma. Mwanafunzi aliyejaza ukurasa kwa mapambo hayo alisifiwa na kusomewa wenzake. Miaka 15 baadaye, akiwa muuguzi mwenye watoto, anaulizwa kama serikali inafaa kugharamia elimu ya chuo kikuu, na mkono unarudi palepale ulipozoea. Wasahihishaji wa IELTS wamefunzwa kutambua sentensi zilizokaririwa, na maneno ya aina hiyo hayampi mtahiniwa kitu.

Kinachotakiwa ni kikavu zaidi: eleza msimamo, toa sababu, toa mfano, zingatia upande wa pili, usitoke nje ya swali. Wengi hupoteza alama kwa kutofikisha idadi ya maneno, au kwa kutumia muda mwingi kwenye grafu hadi insha yenye uzito ikabaki na dakika 20. Hayo hayana uhusiano na kujua Kiingereza. Ni ujuzi wa kufanya mtihani, na mtu anaweza kuupata kwa mazoezi ya wiki chache akiwa na mwalimu anayejua anachofanya.

Kuhusu kusikiliza na kuzungumza, kasoro iko mbali zaidi nyuma. Mtahiniwa wa KCSE hufanya karatasi tatu za Kiingereza zenye jumla ya alama 200, na hata stadi za mazungumzo hupimwa katika karatasi ya kwanza kwa kalamu. Anaulizwa kwa maandishi jinsi angetamka neno, naye anajibu kwa maandishi. Hakuna mtahini anayemsikiliza. Hakuna kanda inayochezwa. Kwa hivyo Mkenya anaweza kusoma lugha hiyo tangu utotoni hadi shahada bila sikio wala ulimi wake kuwahi kupewa alama katika mtihani wa kitaifa. Mara ya kwanza kupimwa hivyo ni siku anapovaa vipaza sauti masikioni katika ukumbi wa hoteli jijini Nairobi, na kusikia mtu wa Australia akitaja nambari ya simu mara moja tu. Maswali ni 40, sauti huchezwa kwa takriban nusu saa, na hairudiwi. Ili kupata alama 7 katika kusikiliza, mtahiniwa anahitaji majibu sahihi yapatayo 30.

Katika kuzungumza, ambako hukaa ana kwa ana na mtahini kwa dakika 11 hadi 14, Wakenya wengi hufanya vyema kuliko wanavyodhani. Lafudhi yenyewe haikatiwi alama mradi mtu aeleweke. Kinachowagharimu baadhi ni mabaki ya lugha zao za kwanza. Kiswahili hutumia "yeye" kwa mume na mke, na Mkenya anapozungumza haraka humgeuza mama yake kuwa mwanamume katika sentensi ya pili. Vilevile tunaazima kitabu kwa mtu na tunamwazima mtu kitabu, kitenzi ni kimoja. Kiingereza kina viwili, navyo huchanganywa hata na walimu. Wenzao wa Nairobi hawayatambui makosa haya kwa kuwa nao huyafanya. Mtahini huyaandika.

Jambo jingine ambalo halikutajwa sana mwaka 2021 ni kwamba wauguzi hawalazimiki kufanya IELTS. Tangu Novemba 2017, NMC imekuwa ikikubali pia OET, mtihani uliobuniwa Australia mahususi kwa wahudumu wa afya. Badala ya insha kuhusu utalii au uchafuzi wa mazingira, muuguzi huandika barua ya kumhamisha mgonjwa kwa mhudumu mwingine, na katika kuzungumza huigiza mazungumzo na mgonjwa. Ni kazi anayoifanya kila siku. Hata hivyo, ada yake ni ya juu kuliko ya IELTS, na hiyo ni ya makumi ya maelfu ya shilingi tayari. Kwa muuguzi asiye na ajira, yule yule ambaye mkataba ulikusudiwa kumfaa, kurudia mara mbili ni deni la kulipwa na ukoo mzima. Matokeo hutambuliwa kwa miaka miwili tu. Hati za usajili zikichelewa, kama zinavyochelewa mara nyingi, hulipa tena ili athibitishe kwamba hajasahau.

Orodha isiyo na Afrika

Lakini kwa nini apimwe kabisa? Kiingereza ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiswahili, kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Bunge hujadili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza na mahakama huandika hukumu kwa Kiingereza, mara nyingine mbele ya mshtakiwa asiyeambulia neno.

Idara ya uhamiaji ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawatakiwi kufanya mtihani. Imo Marekani, zimo Australia na New Zealand, imo Malta, na zimo nchi kadhaa za Karibiani na maeneo jirani kama Jamaika, Barbados, Grenada, Belize na Guyana. Hakuna nchi hata moja ya Afrika. Si Kenya, si Nigeria, si Ghana, si Afrika Kusini.

Wanigeria ndio waliopiga kelele zaidi. Kampeni iliyoanza mwaka 2021 ilikusanya makumi ya maelfu ya saini mtandaoni kupinga sharti hilo. Jibu la serikali ya Uingereza lilikuwa kwamba ili nchi iingizwe orodhani ni lazima pawe na ushahidi kuwa zaidi ya asilimia 51 ya watu wake huzungumza Kiingereza kama lugha ya kwanza.

Kwa kipimo hicho Kenya haitaingia orodhani leo wala kesho, na pengine ni vyema Wakenya wakubali hilo bila kununa. Lugha ya kwanza ya Mkenya ni Kikamba, Dholuo, Kikalenjin, Kigiryama, Kisomali, au Kiswahili kwa wengi wa mijini na pwani. Kudai kwamba wengi wetu tulinyonya Kiingereza kwa maziwa ya mama ni kudai uongo. Udhaifu wa hoja ya Uingereza uko kwingine. Muuguzi si asilimia 51 ya wananchi. Ni mtu mmoja mwenye cheti cha kidato cha nne na stashahada au shahada, vyote vya Kiingereza, na nyaraka hizo zinaweza kukaguliwa.

Isitoshe, Uingereza yenyewe hukagua nyaraka hizo inapotaka. Vyuo vikuu kadhaa vya nchi hiyo hukubali alama nzuri ya Kiingereza ya KCSE badala ya IELTS kwa mwanafunzi anayekuja na karo. Anayeomba viza ya kazi ya ujuzi akiwa na shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuipeleka kwa shirika la Ecctis, ambalo huthibitisha shahada za nje, akasamehewa mtihani. Lakini cheti kinachotosha chuoni hakitoshi wodini. Ni wazi kuwa usalama wa mgonjwa unahitaji uangalifu zaidi kuliko darasa la uchumi, na hakuna anayetaka muuguzi achanganye miligramu na mikrogramu. Ila insha kuhusu elimu ya chuo kikuu haimkingi mgonjwa na kosa hilo.

NMC ilionekana kulitambua hili kwa kiasi fulani. Mnamo Februari 2023 ililegeza masharti. Sasa mtahiniwa anaweza kuunganisha alama za mitihani miwili iliyofanywa katika kipindi cha miezi 12, badala ya miezi sita ya awali. Pia, aliyesomea kwa Kiingereza katika nchi isiyo orodhani, au aliyekosa alama kwa nusu katika sehemu moja, anaweza kuandikiwa barua na mwajiri kuthibitisha lugha yake. Habari njema, ila ina kikwazo: mwajiri huyo ni sharti awe wa Uingereza, katika sekta ya afya au utunzaji, na mhusika awe amemfanyia kazi kwa angalau mwaka mmoja. Muuguzi aliye Kitui au Siaya hana mwajiri huyo. Anayefaidi ni aliyekwisha kuvuka kwa njia nyingine, kwa mfano kama mhudumu wa kuwatunza wazee. Nayo njia hiyo ilifungwa tarehe 22 Julai 2025, Uingereza iliposimamisha kuajiri wahudumu wapya wa aina hiyo kutoka nje.

Uchunguzi wa lugha mlangoni una historia ndefu, na si historia ya kujivunia. Sheria ya uhamiaji ya Australia ya 1901 iliwaruhusu maafisa wa bandari kumsomea mgeni maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya na kumtaka ayaandike. Lengo halikuwa kujua kama mgeni anajua lugha, bali kumzuia asiyetakiwa, hasa asiye mweupe, bila kutaja rangi yake. Mnamo 1934 mwanahabari Egon Kisch, mzaliwa wa Prague aliyejua lugha kadhaa za Ulaya, alipimwa kwa Kigaeli cha Scotland. Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba hiyo haikuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile, akaachiliwa. Mtihani wenyewe ulifutwa mwaka 1958. Mitihani ya leo si ya aina hiyo. Maswali yake ni sawa kwa wote na usahihishaji una kanuni. Lakini swali la nani anapimwa na nani anasamehewa bado linajibiwa na mwenye mlango.

Kashfa iliyobadilisha mambo

Uingereza nayo ina sababu ya kuvishuku vyeti. Mnamo Februari 2014, kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha jinsi watu walivyokuwa wakifanyiwa mtihani wa TOEIC na wengine, na jinsi majibu yalivyosomwa kwa sauti ukumbini, katika baadhi ya vituo jijini London. Mtihani huo ulikuwa wa shirika la Kimarekani la ETS, ambalo pia ndilo lenye TOEFL, mtihani ulioanza mwaka 1964 na unaotumiwa sana na wanaokwenda kusomea Marekani.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kashfa. ETS ilikagua upya sauti za watahiniwa, na kati ya mitihani zaidi ya 58,000, ilisema asilimia 58 ilikuwa batili na asilimia 39 ya kutiliwa shaka. Yaani asilimia 97 ya watahiniwa walitiwa doa. Serikali ikaanza kufuta viza. Mkaguzi Mkuu wa Uingereza aliripoti mwaka 2019 kuwa zaidi ya watu 11,000 waliofanya mtihani huo walikuwa wameondoka nchini humo, na akaikosoa serikali kwa kutojitahidi kutenganisha walioiba mtihani na wasio na hatia. Maelfu walikata rufaa na baadhi walishinda, wengine baada ya miaka ya kukaa bila ruhusa ya kufanya kazi wala kusoma.

Tangu wakati huo, kwa maombi mengi ya viza Uingereza hutambua tu mitihani ya kampuni ilizoziidhinisha, katika vituo ilivyoviidhinisha. Ndiyo maana kuna IELTS ya kawaida na ile yenye herufi za UKVI. Maswali ni yale yale, usahihishaji ni ule ule. Tofauti ni ulinzi wa kituo na ada. Chuo kikuu kinaweza kukubali ile ya kawaida kwa mwanafunzi wa shahada, kwa kuwa kina mamlaka ya kumpima chenyewe. Kwa viza nyingi nyinginezo haitambuliwi. Wakenya wamepoteza pesa kwa kufanya mtihani usiohitajika, mara nyingi kwa ushauri wa mawakala ambao hawakusoma masharti. Wakala wa ajira za ng'ambo anafaa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na anayeahidi "kupanga matokeo" huuza karatasi ambayo mpokeaji wake huithibitisha mtandaoni moja kwa moja kwa wenye mtihani.

Wenye mitihani nao hukosea. Mnamo Novemba 2025 wamiliki wa IELTS walikiri kwamba hitilafu ya kiufundi iliwapa baadhi ya watahiniwa alama zisizo sahihi katika kusikiliza na kusoma, kwa mitihani ya kati ya Agosti 2023 na Septemba 2025. Walisema zaidi ya asilimia 99 ya mitihani haikuathiriwa. Kwa mtihani unaofanywa na mamilioni, sehemu ndogo iliyobaki ni watu wengi, na katika biashara hii alama nusu ndiyo viza.

Wanaowaandikia wenyeji

Kuna kinaya kimoja ambacho ni vigumu kukipita. Kwa miaka mingi, vijana wa Kenya waliohitimu na kukosa kazi wamekuwa wakijipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha na tasnifu kupitia mtandaoni. Biashara hiyo ilisimuliwa katika filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars, ikimfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye mwenyewe alizaliwa Kenya. Uingereza ilipiga marufuku kampuni zinazouza insha za aina hiyo kwa sheria ya 2022. Ni udanganyifu na hautetewi hapa. Lakini kijana wa Roysambu ambaye Kiingereza chake kimempa mwenyeji wa Manchester shahada, akitaka kwenda Manchester mwenyewe, huanza kwa kulipia mtihani wa kuonyesha kwamba anaweza kuandika maneno 250.

Nchi nyingine zina hesabu zao. Canada haisamehi taifa lolote katika mpango wake mkuu wa wahamiaji wenye ujuzi; hata Mwingereza hufanya mtihani. Huko alama za lugha hubadilishwa kuwa pointi, na kupanda kidogo huwa na faida kubwa: asiye na mwenzi wa ndoa akitoka daraja la 8 la Canada hadi la 9, hupanda kutoka pointi 23 hadi 31 kwa kila stadi. Anayejua Kifaransa vizuri huongezewa hadi 50. Mkenya aliyejifunza Kifaransa kwa bidii akitafuta kazi ya hoteli Mombasa huenda akakuta ndicho kilichomfikisha Toronto. Ujerumani, iliyotia saini mkataba wa uhamiaji na ajira na Kenya jijini Berlin mnamo Septemba 2024, haijali Kiingereza hata kidogo. Muuguzi anayetaka kusajiliwa huko anahitaji kwa kawaida Kijerumani cha daraja la B2, lugha ambayo wengi huanza wakiwa hawajui hata salamu. Ajabu ni kwamba hakuna anayelalamika. Mtu hachukizwi kupimwa kitu ambacho hakudhani anakijua.

Kenya nayo, tusisahau, huweka sharti la lugha. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 humtaka mgeni anayeomba uraia baada ya kuishi nchini awe anaelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha ya kienyeji. Wageni walioishi Nairobi miaka 20 bila kuvuka "jambo" na "asante" wanajulikana, ila wengi wao hawaombi uraia.

Kwa upande wa Uingereza, mlango umezidi kuwa mwembamba. Kuanzia tarehe 8 Januari 2026, anayeomba kwa mara ya kwanza viza ya kazi ya ujuzi anahitaji Kiingereza cha daraja la B2, badala ya B1 iliyokubaliwa awali; kwa alama za IELTS ni kutoka 4 hadi 5.5. Badiliko hilo linawagusa mafundi, wahasibu na wataalamu wa kompyuta. Wauguzi haliwagusi, kwa kuwa idara ya uhamiaji hukubali uthibitisho wa lugha uliotolewa kwa baraza lao, na alama 7 za baraza ziko juu ya 5.5 tayari.

Mkataba wa Julai 2021 ulizungumzia kuajiri, mafunzo na ulinzi wa wafanyakazi. Mtihani wa lugha ulibaki mikononi mwa NMC, ambayo si idara ya serikali na haikuwa mezani London siku ile. Vyuo vya mafunzo ya uuguzi nchini vinaweza kuanza kuwasikilizisha wanafunzi kanda na kuwaandikisha barua za wagonjwa kwa muundo wa OET wakiwa bado darasani, badala ya kuwaacha wakajilipie mafunzo hayo baada ya kuhitimu. Hilo halihitaji kutiwa saini ng'ambo.